Anayetoka Humfunga Anayeingia

Kaka yangu anaitwa Mfalme wa Mvua. Jina hilo alipewa na baba yake, na naanza nalo kwa sababu ujinga wote uliofuata ulitokana nalo.

Nasema kaka kwa kuwa ni mtoto wa baba mkubwa, na mtoto wa baba mkubwa ni kaka yako utake usitake. Ningeachiwa nichague, ningechagua jirani. Tulianza pamoja kwenye magari ya kiti kimoja, daraja la vijana, yale ambayo magurudumu yako nje, kichwa cha dereva kiko nje, na wazazi wako nje ya uzio wakipiga kelele kana kwamba gari linakwenda kwa koo zao. Siku moja ilinyesha. Mimi nilikuwa naongoza. Kwenye kona ya kwanza nikateleza, wa pili akanivaa, wa tatu akamvaa wa pili, tukarundikana pale kama sufuria kabatini. Kaka alikuwa wa mwisho, tena nyuma sana, hata alipofika njia ilikuwa imeshasafishwa. Akapita taratibu kama anayepeleka mgonjwa hospitali. Akashinda.

Baba mkubwa alilia. Alimbeba mabegani akatangaza mbele ya watu wazima wenye akili zao, "Huyu ni Mfalme wa Mvua!" Wiki iliyofuata jina lilikuwa kwenye helmeti, kwenye ovaroli, na kwenye kuta za maduka ya baba mkubwa, maana alikuwa muuza rangi na ukuta kwake haukuwa tatizo. Hivyo ndivyo mtoto alivyovikwa kilemba cha ukoka, na hakukivua tena.

Magari yalikuwa mawili, yote ya baba mkubwa, moja la kaka na moja langu. Mbio zilizofuata hazikuwa na mvua. Nikamaliza mbele yake, tena mbele yake, tena mbele yake. Mwisho wa msimu baba mkubwa aliniita ofisini, akachezea kalamu, akakohoa, akasema, "Mwanangu, gari lako limekufa injini. Tupumzike kidogo." Injini iliyokufa ilifufukia kwenye gari la kaka. Sikulia mbele yake. Nilikwenda kulia chooni, nikanawa uso, nikaondoka. Nikaanza upya kwenye magari ya bodi, yenye milango na vioo, kwa watu ambao hawakunijua.

Kaka akapanda. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini kaka hata kupanda kwenyewe alipandishwa. Daraja la vijana, daraja la juu yake, daraja la juu ya hilo. Kila penye ngazi palikuwa na mikono ya baba yake inamsukuma makalio. Mwaka wa kwanza alishindwa kwa sababu ya mhandisi. Mwaka wa pili ni tairi. Mwaka wa tatu eti mwenzake wa timu alikuwa anapendelewa. Alibadilisha timu kama mtu anayebadilisha shati akidhani jasho ni la shati. Kwenye magari ya kiti kimoja adui yako wa kwanza ni mwenzako wa timu, kwa sababu ndiye pekee mwenye gari kama lako, na somo hilo kaka alilishika kuliko yote. Alimficha mwenzake kila alichokijua. Bahati nzuri hakikuwa kingi.

Mwishowe akawa dereva wa akiba. Maana yake ni kusimama nyuma ya gereji ya timu kubwa, umevaa vifaa vya masikioni, umekunja mikono, ukingoja mwenye gari augue tumbo. Hakuugua. Runinga ilimwonyesha kaka mara moja tu, akipiga mwayo, na baba mkubwa akaihifadhi picha hiyo kwenye simu, akawa anawaonyesha wateja waliokuja kununua brashi. Kisha hata nafasi ya kupiga mwayo wakampa mtu mwingine.

Ndipo baba mkubwa alipokuja kwangu. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuposa na hana hakika na majibu.

"Mwanangu, kaka yako hatoki ndani," akasema. "Pazia limefungwa mchana. Simu hapokei. Nimemwambia aje anisaidie dukani, ananiangalia kama nimemtukana."

"Sasa mimi nifanyeje, baba mkubwa?"

"Hapo kwenye timu yenu. Nasikia mnatafuta dereva wa tatu. Mshike mkono. Akikosa na hapo, sijui atakuwa nani. Hajui kingine chochote."

Nilikuwa na maneno ya miaka mingi, yamejipanga vizuri kabisa, nimeyanoa nikiwa bafuni, nikiwa barabarani, nikiwa kitandani. Lakini mzee alikuwa amezeeka. Kola ya shati ilikuwa imeizidi shingo, na rangi nyeupe ilikuwa imeganda pembeni mwa kucha zake. Nikasema nitaongea na mkuu wa timu. Msidhani ni huruma. Nilitaka kumwona Mfalme akishuka kutoka kwenye kiti chake kimoja na kuja kukaa kwenye kiti cha watu watatu.

Mbio zetu ni za masafa marefu. Gari ni moja, madereva watatu, mnapokezana kwa saa sita. Daraja letu lina kanuni mbili ambazo hata mtoto anazielewa: mmoja wa watatu lazima awe mtu ambaye kazi yake si udereva, na kila mmoja lazima ashike usukani angalau saa moja. Mmoja asipotimiza, gari zima linafutwa. Kwetu asiye dereva wa kazi alikuwa Daktari, daktari wa meno, mfupi, tumbo mbele, ndiye mwenye gari, na aliendesha kwa uangalifu wa mtu anayejua kuwa Jumatatu ana wagonjwa. Mkuu wa timu alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Saa, kwa kuwa saa yake ya kupimia mizunguko haikutoka shingoni hata akienda harusini.

Na tuna desturi. Gari likiingia piti, yaani pale pembeni ambapo magari huhudumiwa, mafundi wana mafuta na tairi, na hawaruhusiwi kujazana. Kwa hiyo anayetoka ndiye humfunga anayeingia. Unafungua mikanda yako, unachomoa mto wako wa kiti, unaruka nje. Mwenzako anaingia na mto wake. Wewe, jasho bado linakutiririka, unapiga goti mlangoni, unaingiza kichwa na mabega ndani, unamfunga mikanda ya mabega, ya kiuno na ya mapaja, unachomeka waya wa redio, unavuta mpaka mwenzako aseme "basi". Halafu unafunga mlango na kupiga paa kofi moja. Mimi nimempigia goti Daktari, na Daktari, pamoja na tumbo lake lote, amenipigia mimi. Ni kazi kama kazi nyingine, na maisha ya mwenzako yako kwenye vidole vyako.

Kaka alikuja siku ya mazoezi amevaa miwani ya jua ndani ya gereji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Saa hakungoja ya tatu.

"Piga goti," akamwambia.

"Mimi?"

"Kuna mwingine anayetoka kwenye gari?"

"Mama, mimi nimeletwa hapa kuendesha. Si kuna mafundi?"

Daktari alikuwa ameshakaa kwenye kiti, mikono juu kama mtoto anayevishwa shati. Akasema kwa upole, "Usione haya, bwana mdogo. Mimi kutwa nzima nainamia vinywa vya watu, na vingine havijapigwa mswaki."

Mafundi wakacheka. Kaka hakucheka. Aliinama nusu, akawa anashika mikanda kwa ncha za vidole kama anayeokota panya aliyekufa. Tulirudia jambo hilo asubuhi nzima, gari likiwa limesimama palepale, na tulipokwenda kula suruali za wengine zilikuwa nyeusi magotini. Ya kaka ilikuwa safi.

Kuendesha, nisiwe mwongo, alijua. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kwenye mbio zake za kwanza na sisi alilikuta gari nafasi ya saba akalifikisha ya nne. Akaingia piti, akaruka nje, Daktari akaingia. Kaka akaingiza mkono mlangoni, akabana hiki, akavuta kile, akafunga mlango kabla Daktari hajasema "basi". Kisha akavua helmeti na kumtafuta mpiga picha. Daktari aligundua kwenye breki ya kwanza nzito kwamba mikanda ya mabega inacheza, akakaribia kubusu usukani kwa meno yake mwenyewe. Akarudi piti polepole. Mimi niliruka ukuta wa piti, nikapiga goti, nikamfunga. Tulimaliza nafasi ya kumi na kitu, na kaka akamwambia mwandishi wa habari, "Wazee wengine hawajui hata kujifunga."

Mama Saa alituita mimi na kaka nyuma ya lori la vifaa. Hakupaza sauti, hajawahi kupaza sauti.

"Mbio zijazo ndizo za mwisho za kukujaribu," akamwambia kaka. "Ukitoka kwenye gari langu ukamfunga Daktari kama binadamu anavyomfunga binadamu, nakupa msimu mzima. Usipofanya hivyo, utakwenda, na kila mkuu wa timu atakayeniuliza juu yako nitamjibu."

Mama Saa akimkataa mtu, hakuna anayemwokota. Kaka alilijua hilo. Aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtoto aliyeambiwa akaoge.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Kaka, hakuna anayekuomba kasi. Kasi unayo. Unaombwa goti moja tu."

"Wewe umezoea," akanijibu.

Nilitamani kumpiga kofi. Nikapiga lori badala yake, mkono ukavimba.

Siku ya mbio baba mkubwa alikuja. Alikuwa hajawahi kutuona kwenye masafa marefu. Alivaa suruali yake ya harusini na kofia ya duka, tukampa nafasi nyuma ya utepe, mlangoni mwa gereji, mahali anapoweza kuona gari likiingia. Nikamtambulisha kwa Daktari. Kabla hawajamaliza salamu Daktari alikuwa ameshamfungua mdomo, anamwambia jino la nyuma lina tundu na aje Jumanne. Baba mkubwa alicheka huku mdomo wazi. Alinong'ona kwangu, "Mwanangu, watu wako ni wazuri."

Anga lilikuwa jeupe, hakuna hata wingu la kumtia mtu tamaa. Mimi nilianza, nikalitoa gari nafasi ya sita hadi ya tatu, nikaingia piti, nikampigia goti kaka. Nilimfunga mpaka akaguna. Akatoka. Sitaficha: aliendesha kama mtu aliyelipwa deni. Nafasi ya pili, kisha ya kwanza. Kila alipopita mbele yetu baba mkubwa alipiga makofi, kofia imemkaa upande, anamwambia fundi wa tairi, ambaye hakumuuliza, "Ni mwanangu huyo! Ni mwanangu!"

Ilibaki saa moja na ushee. Daktari alikuwa tayari siku nyingi, helmeti kichwani, viatu vimefungwa, mto wake wa kiti ameukumbatia kifuani. Zamu yake ndiyo ya kumalizia. Mama Saa akamwita kaka, kaka akaingia, akasimamisha gari sawasawa kwenye alama. Bomba la mafuta likachomekwa. Daktari akafungua mlango.

Mimi nilikuwa ukutani, hatua chache tu, na niliona yote. Kaka alipeleka mkono kwenye kifungo cha mikanda. Akainua macho. Akamwona baba yake nyuma ya utepe, amesimama kwa vidole vya miguu ili aone vizuri. Mkono ukabaki pale kwenye kifungo. Kisha ukarudi kwenye usukani.

"Toka, bwana mdogo," Daktari akasema.

"Mafuta tu!" kaka akafoka. "Nimesema mafuta tu, funga mlango!"

Daktari ni mstaarabu. Alidhani mpango umebadilika bila yeye kuambiwa, akamfungia mlango. Bomba likatoka, tairi zikalia, gari likaondoka. Daktari akabaki amesimama katikati ya piti na mto wake.

Mama Saa alinipa maikrofoni ya redio. "Ni mtu wako huyo," akasema.

"Kaka, rudi," nikasema. "Rudi mzunguko huu huu, saa ya Daktari bado ipo."

"Naongoza." Sauti yake ilitoka kwenye spika ya gereji, watu wote wakaisikia.

"Unaongoza nini? Asipoendesha tunafutwa!"

"Yule mzee atatupotezea nafasi. Mimi nitafika wa kwanza, mengine yatazungumzwa. Baba ataongea nao."

Mwanaume ana mvi kidevuni, anasema baba ataongea nao. Na kweli, enzi za ujana wetu ndivyo ilivyokuwa. Kaka akigonga mtu, baba mkubwa alikwenda kwa wasimamizi akaongea, akaongea, mpaka wakasamehe ili wakapate kulala.

"Kaka," nikasema, "nijibu ukweli. Ni lile goti?"

Redio ikakwaruza. Nilidhani amezima.

"Siwezi mbele ya mzee," akasema. "Hajaja hapa kuniangalia namfunga mtu mikanda." Hapo ndipo alipozima.

Hakuna aliyegeuka kumwangalia baba mkubwa, na kwa jinsi ambavyo hakuna aliyegeuka, alijua. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hakulia. Alishusha mikono tu. Gari likapita tena mbele yetu, la kwanza, linang'aa, na hakupiga makofi. Mama Saa akatazama saa yake, akasema, "Imepita." Alimaanisha saa ya Daktari.

Kaka aliendesha mpaka mwisho peke yake na akavuka mstari akiwa wa kwanza. Injini haijapoa, msimamizi wa mbio akaja na habari tuliyoijua: gari limefutwa. Mama Saa akamshukuru, akaanza kukunja nyaya.

Daktari alikuwa amekaa juu ya tairi mbili zilizolazwa. Alikuwa bado na ovaroli yake nzito na viatu vyake, alikuwa amesimama navyo muda wote ule kwa sababu aliamini, mpaka dakika ya mwisho, kwamba huenda akaitwa. Miguu ilikuwa imevimba. Alijaribu kuzifikia kamba za viatu, tumbo likakataa. Akajaribu tena, akaacha, akatazama sakafu.

Kaka akaingia, helmeti kwapani, mikono ameitanua. "Baba! Umeniona?"

Baba mkubwa alivuka utepe. Kaka alidhani anakuja kwake, akazidi kutanua mikono. Mzee alimpita. Alikwenda mpaka kwenye zile tairi, akashika mapaja yake yanayouma, akapiga magoti yote mawili kwenye sakafu yenye oili, na suruali yake ya harusini.

"Niachie, Daktari," akasema.

"Hapana, mzee, acha, fundi atanisaidia."

"Niachie."

Akafungua kamba ya kwanza. Ilikuwa imekaza, akatumia meno, pamoja na lile jino lenye tundu. Akamvua kiatu kwa kukishika kisigino, taratibu, kisha cha pili, akaviweka pamoja, ncha zikitazama upande mmoja.

"Nisamehe," akasema. "Huyu nilimlea mimi."

Daktari akamwekea mkono begani. "Inuka, mzee mwenzangu. Inuka."

Hakuinuka haraka. Mimi nilimdharau mzee yule nusu ya maisha yangu, na dharau hiyo sijaifuta. Injini yangu alinichukulia na hajawahi kulitamka. Lakini pale, nilipoona soli za viatu vyake vya harusini zimegeuzwa juu, nilimwonea uchungu mkali. Nikamgeukia kaka. Nilitaka aone. Kwa mara ya kwanza tangu ile mvua, nilimtakia mema: aseme neno, aangushe helmeti, alie, akimbie, chochote. Mama Saa naye aliacha nyaya, akamtazama. Mafundi walimtazama. Angepiga hatua mbili tu akamshika baba yake mkono, nadhani Mama Saa angempa msimu wake.

Alitazama mgongo wa baba yake kwa muda. Akajikuna shingo. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo kuna mtu aliyempiga picha akivuka mstari.